Nilimshika, Nikamwachia



Kijana mwenzangu, leo naanza kwa kuungama. Kwa padre nimeshaungama, sasa nakuambia wewe, kwa sababu nadhani jambo hili linakuhusu pia.

Mimi ni wa Wampembe, huku ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Ukitoka Namanyere unashuka milima, unashuka tena, mpaka unaliona ziwa limetanda chini yako. Huku tunaishi kwa dagaa, migebuka na kuhe. Ziwa likinyima, hata ada ya shule inanyima. Ndiyo maana wavuvi wa mwalo wana kikundi chao cha kulinda ziwa, kile tunachokiita BMU. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana waliopewa zamu ya doria.

Alfajiri moja nilikuwa peke yangu, mwenzangu alikuwa na homa. Nikamkuta mzee mmoja anavuta kokoro. Kwa asiyejua, kokoro ni nyavu inayoburutwa kutoka majini mpaka nchi kavu. Inasomba kila kitu pale maji mafupi ambako samaki wengi huzalia, wakubwa kwa wachanga. Imekatazwa, na kila mvuvi anajua. Niliishika ile kamba.

Nikasema, “Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu.” Akaiangalia mikono yangu iliyoshika kamba, kisha akaniangalia usoni. “Ada yako ya kidato cha kwanza ilitoka wapi?”

Ilitoka kwake. Baba alikuwa mgonjwa mwaka ule, na huyu mzee aliuza samaki wake akanilipia. Sikuwa na jibu. Nikaiachia kamba. Nikageuka kama mtu aliyeitwa upande wa pili, nikaenda zangu.

Njiani nilijiambia maneno mazuri sana. Nilijiambia nimekuwa na huruma, nimeheshimu mkubwa, nimelinda amani ya ukoo. Kwani Mungu si Mungu wa amani? Niliridhika na nafsi yangu mpaka nyumbani.

Kumbe kulikuwa na mtoto wa darasa la tano pale mwaloni, ameshika ndoo, ananiangalia. Wiki mbili baadaye nikamkuta yeye na wenzake wanaburuta chandarua cha mbu kwenye maji mafupi, ndoo yao imejaa samaki wadogo kama kucha. Nikapaza sauti, “Acheni hiyo!” Wenzake wakakimbia. Yeye akabaki, akaniuliza kwa adabu kabisa, bila kejeli, “Kaka, mbona yule mzee ulimwachia?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Kuachia ni fadhila lini, na ni woga lini? Maana yote mawili kwa nje yanafanana. Mkono unafunguka, mtu anaondoka, wewe unabaki. Atakayeona kwa mbali hawezi kutofautisha. Na mara nyingine hata mwenye mkono hawezi.

Nilipata msaada mahali ambapo sikutarajia. Rafiki yangu mmoja alikuwa anatafuta habari za Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, kwa ajili ya mada ya vijana. Kwenye simu yake jina hilo likamletea pia mtu mwingine: Mathias Kiwanuka, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Akaniuliza, “Hawa ni ndugu?” Ni babu na mjukuu. Na habari zao zote mbili zina tukio la kumwachia mtu.

Nianze na mjukuu. Mathias alizaliwa Marekani mwaka 1983, miaka 11 baada ya babu yake kutoweka, kwa hiyo hakuwahi kumwona. Alisoma sekondari ya Kikatoliki mjini Indianapolis, kisha Boston College, chuo cha Wajesuiti. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ilimchagua katika duru ya kwanza, akiwa wa 32, yaani wa mwisho wa duru hiyo. Kazi yake ilikuwa ulinzi. Katika mchezo ule kuna mtu anayesimama nyuma ya wenzake na kurusha mpira mbele, tumwite mrushaji. Mlinzi wa pembeni kama Mathias hutakiwa kupenya ukuta wa majitu na kumwangusha mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi mwake. Ukimwangusha ameshaurusha, na umechelewa, timu yako inaadhibiwa. Kanuni hiyo ni njema. Inamlinda mtu aliyekwisha kuachana na mpira asiumizwe bure.

Tarehe 26 Novemba 2006, katika msimu wake wa kwanza, Giants walikuwa ugenini wakicheza na Tennessee Titans. Waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21 kwa 0. Titans wakaanza kufufuka, ikawa 21 kwa 14. Dakika zikawa zinayoyoma, na Titans wakabakiwa na jaribio la mwisho la kusogeza mpira yadi 10. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa Giants na mechi imekwisha, kwa lugha ya mtaani.

Mathias akapenya. Akamfikia mrushaji wao, Vince Young, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Alikuwa amemshika kabisa. Halafu akamwachia.

Alidhani mpira umeshatoka. Alieleza mwenyewe baada ya mechi kwamba aliogopa kuiletea timu adhabu. Lakini mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young. Young akakimbia, akapata yadi 19. Titans wakasawazisha, na sekunde za mwisho wakapiga mkwaju wa ushindi. 24 kwa 21.

Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko bando langu linavyoruhusu. Sisemi Mathias alitenda dhambi. Lilikuwa kosa la mchezoni, la kijana wa miaka 23 aliyepewa nusu sekunde ya kuamua. Mimi pale ufukoni nilikuwa na muda wa kutosha. Ila mikono yake ilinionyesha ya kwangu. Alikuwa na kanuni kichwani, na kanuni ni njema. Tatizo ni kwamba wakati ule woga wa adhabu ulifika kabla ya macho. Kanuni ilikuwa inamlinda mtu asiye na mpira. Huyu alikuwa nao.

Na mimi? Mimi pia nilikuwa na kanuni njema kichwani: heshimu wakubwa, shukuru aliyekutendea wema, tafuta amani. Zote zimo katika imani yetu. Lakini hakuna hata moja iliyowekwa ili kulinda kokoro.

Sasa njoo kwa babu.

Benedicto Kiwanuka alikuwa Mkatoliki, mwanasheria, kiongozi wa chama cha Democratic Party, na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kabla nchi haijapata uhuru wake Oktoba 1962. Alipoteza uchaguzi wa mwaka huo. Mwaka 1969, chini ya serikali ya Obote, alitiwa kizuizini. Mwaka 1971 Idi Amin alipompindua Obote, aliwafungua wafungwa wa kisiasa, na Kiwanuka akiwa mmoja wao. Mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyemtoa kizuizini ndiye aliyempa kiti. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kusema “huyu alinilipia ada,” ni Kiwanuka.

Septemba 1972 hali ilikuwa ya kutisha. Amin alikuwa amekwisha kuwapa Waasia amri ya kuondoka nchini, na watu walikuwa wanapotea. Katika hali hiyo kesi ya Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, aliyekuwa anashikiliwa na wanajeshi, ikafika mbele ya Jaji Mkuu. Kwa mtu mwoga jibu lilikuwa jepesi: ahirisha, sema unaumwa, tafuta kifungu cha kujificha nyuma yake. Kiwanuka alisoma sheria, akaona mtu huyu anashikiliwa bila msingi wa kisheria, akaamuru aachiwe.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin walifika Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu mchana kweupe. Aliuawa. Familia yake haikupata hata mwili wa kuzika.

Hebu yaweke matukio haya mawili kwenye mizani. Mjukuu alimwachia mtu kwa kuogopa adhabu. Babu alimwachia mtu akijua kwamba adhabu inaweza kuja, na ikaja. Tendo ni lile lile, mkono kufunguka. Lakini kwa babu mkono ulifunguka kwa sababu macho yalikuwa yameona. Alijua sheria ile inamlinda nani, akamtazama mtu aliyekuwa mbele yake, akakuta ndiye huyo.

Nadhani hapo kuna sehemu ya jibu. Anayeijua sheria inamlinda nani anaweza kushika bila ukatili na kuachia bila woga. Anayeiogopa tu atashika pasipostahili, au ataachia pasipostahili, kulingana na upande ambao kiboko kinatokea.

Kanisa limelisema hili zamani. Katekisimu, namba 1806, inapoeleza fadhila ya busara, inatuonya tusiichanganye na woga wala na unafiki. Ukisikia onyo kama hilo ujue linahitajika. Watu hawachanganyi busara na ulevi. Wanaichanganya na woga, kwa sababu woga ni hodari wa kuazima nguo za busara. Unavaa “nimeamua kukaa kimya,” unavaa “si kazi yangu kuhukumu,” unavaa “Mungu mwenyewe ataona.” Na sisi watu wa kanisani ndio tuna kabati kubwa zaidi la nguo hizo!

Usiniambie basi kwamba dawa ni ukali. Hapana. Yupo kijana mwenye filimbi ya doria ambaye anatafuta tu mtu wa kumnyanyasa. Huyo naye anaogopa: anaogopa kuonekana dhaifu. Yesu alimwachia yule mwanamke aliyeletwa mbele yake ili apigwe mawe, na hakuna aliyekuwa na haki ya kushika jiwe zaidi yake. Lakini hakusema kwamba hakuona kitu. Aliiona dhambi, akaitaja kwa jina lake alipomwambia asiirudie, akamwacha aende. Huruma ya kweli haigeuzi uso. Mimi niligeuza uso.

Katika Injili ya Mateso yuko mwingine aliyeachia mtu. Ni Pilato. Pilato alijua Yesu hana hatia, na zaidi ya mara moja alitaka kumfungua. Alipotishwa kwamba atahesabika si rafiki wa Kaisari, akamfungua Baraba na kumtoa Yesu asulubiwe. Naye aliomba maji, akanawa.

Usiku uleule kabla ya hapo, Petro naye alikuwa ameachia. Pale penye moto uani, mbele ya kijakazi, alimwachia Bwana wake mara tatu. Alitishika kuliko Pilato, na hakuwa na askari wa kumlinda. Jogoo akawika. Petro akatoka nje, akalia.

Wote wawili waliogopa. Wote wawili waliachia. Tofauti ni walichofanya na woga huo. Mmoja alinawa mikono, yaani aliuita woga wake usafi. Mwingine alilia, yaani aliuita woga wake woga. Na yule aliyelia, Bwana alimrudia kando ya ziwa, penye moto mwingine wa makaa na samaki juu yake, akamkabidhi kundi la kulinda. Sisi watu wa ziwa tunaipenda sana sehemu hiyo. Mlinzi aliyeshindwa akapewa tena kazi ya ulinzi.

Ndiyo maana nataka ujue kilichompata Mathias baada ya ile Novemba. Angeweza kubaki maisha yake yote kuwa “yule aliyemwachia Young.” Msimu uliofuata timu ikamhamisha kutoka nafasi yake ya pembeni mbele, ikamweka mstari wa nyuma kidogo, ajifunze upya. Akakubali. Novemba 2007 akavunjika mfupa wa mguu. Februari 2008 timu yake ikachukua ubingwa wa Super Bowl kwa kuwafunga New England Patriots 17 kwa 14, yeye akiwa majeruhi. Mwaka 2008 mwenzake mmoja akaumia, wakamrudisha mbele kuziba pengo. Mwaka 2010 akaumia shingo, msimu ukaishia mapema. Akarudi tena 2011, na Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipowafunga Patriots kwa mara ya pili kwenye fainali, 21 kwa 17. Alicheza misimu 9, yote na timu hiyohiyo, mpaka ilipoachana naye mwaka 2015.

Sikuambii kwamba ukitubu utapewa kombe. Petro alipewa msalaba, na Benedicto Kiwanuka hakupewa hata kaburi. Ninachokiona kwa Mathias ni kitu kidogo zaidi, na kwangu ni cha thamani zaidi: kila walipomwita, alirudi kusimama mahali ambapo mlinzi husimama, hata pale alipohamishwa, hata baada ya kuumia. Kosa lake halikumfanya aache kushika.

Nami? Baada ya swali la yule mtoto nilikwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio. Nilianza kuyasema yale maneno yangu ya amani na huruma. Padre akaniuliza swali moja tu: kama yule mzee asingekuwa amekulipia ada, ungemwachia? Nikanyamaza. Katika Misa huwa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu, na nilikuwa nimelisema neno hilo tangu utotoni bila kujua ladha yake.

Kisha nikafanya kile ambacho Yesu anatuagiza katika Mathayo sura ya 18: nikaenda kwa mzee peke yangu, jioni, bila filimbi na bila shahidi. Nilimkuta anashona nyavu. Nikamsalimia, nikakaa chini.

Nikamwambia, “Baba mdogo, ada uliyonilipia sitaisahau mpaka nazikwa. Lakini siku ile nilikukosea. Nilikuona nikajifanya sijaona. Nikikukuta tena na kokoro nitakuandika, na nikishakuandika nitakuja hapahapa kukusaidia kushona nyavu halali.”

Alishona mafundo kama matatu bila kuniangalia. Akasema, “Umemaliza?”

“Nimemaliza, baba mdogo.”

“Haya. Nenda.”

Mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Sijui kama ameacha. Zamu zangu sijamkuta tena, lakini ziwa ni kubwa na usiku ni mrefu. Mama anasema nimeleta baridi kwenye ukoo, na sina uhakika kwamba amekosea. Inaniuma. Ila yule mtoto nilimtafuta, nikamwambia ukweli: “Siku ile niliogopa.” Akaniangalia kwa muda, halafu akasema, “Mimi nilijua.” Watoto wanajua, rafiki yangu. Tunapogeuza uso, wao wapo pale na ndoo zao.

Labda wewe huna kamba ya kokoro. Una rafiki anayeiba mtihani, na wewe unamwita mshikaji. Una kitabu cha fedha za vijana, na mkubwa mmoja anaomba “uache tu pale wazi.” Una dada au kaka anayeumizwa nyumbani, na kila mtu anasema ni mambo ya ndani. Kabla hujafungua mkono, jiulize maswali haya. Kuachia huku kunamlinda nani: yeye, mnyonge aliye nyuma yake, au mimi? Kama kusingekuwa na hatari yoyote kwangu, ningeachia? Na je, naweza kumweleza sababu yangu mtoto wa darasa la tano, nikimtazama machoni?

Na kama umeshaachia, usinawe mikono. Lia kidogo, kisha rudi kwenye zamu yako.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe uliwaita walinzi wako kutoka mitumbwini na nyavuni. Tufundishe kushika bila chuki na kuachia bila woga. Utusamehe nyakati tulizogeuza uso na kuuita woga wetu amani. Uwatie nguvu wote wanaolinda haki mahali ambapo haki ina gharama, na uwapumzishe kwa amani waliouawa kwa ajili yake. Utukute tena kando ya ziwa, utupe tena kazi. Amina.